Yai Kwapani

Mwanamke amefia uzazini. Kabla hajazikwa, anafanyiwa mambo matatu yasiyomo katika kitabu chochote cha fiqhi. Anatiwa shanga za kioo mdomoni. Anapachikwa yai la kuku chini ya kila kwapa. Anachomwa sindano katika viganja vyote viwili.

Shanga ni za kumzuia asipige ukelele. Mayai, asiinue mikono ikawa mbawa. Sindano, asikunje na kukunjua viganja kujisaidia kuruka.

Utaratibu huu aliuandika Walter William Skeat, Mwingereza aliyekuwa katika utawala wa kikoloni wa Selangor, kwenye rasi ya Malay, akauchapisha mwaka 1900. Mwanamke akifa wakati wa kujifungua, au baada ya kujifungua lakini kabla ya kutimiza siku 40, waliosalia waliogopa kwamba atarudi akiwa langsuir, mwanamke arukaye usiku na kunyonya damu ya watoto.

Sindano naielewa. Shanga nazielewa.

Yai ndilo lililoninyima raha wiki kadhaa sasa.

Yai halizuii kitu. Mkono ukinyanyuka yai linaanguka, linapasuka, yamekwisha. Kijiji cha Kimalay kilijaa vitu vya kufungia: kamba za nazi, henzirani, mianzi ya kila unene. Mwenye hofu ya kweli kwamba maiti ataruka angemfunga mikono. Kwa nini basi achukue kitu chepesi kuvunjika kuliko vyote vilivyomo nyumbani, akikabidhi kwa kiumbe anayemwogopa kuliko vyote?

Mama na mwana

Wengi wetu pontianak, mzuka wa Kimalay, tumemjua kwenye skrini: gauni jeupe, nywele zimefunika uso, harufu ya maua inayotangulia. Katika masimulizi aliyoyakuta Skeat mambo ni mengine. Pontianak ni mtoto. Ni yule aliyezaliwa mfu, na akitokea usiku huja kwa umbo la bundi.

Mama yake ndiye langsuir.

Kisa cha langsuir wa kwanza hakina hata mistari kumi. Alikuwa mwanamke wa uzuri usio kifani. Alijifungua, akaambiwa mtoto hakuzaliwa hai, naye tayari amekuwa pontianak. Aliposikia hivyo alipiga makofi, akaruka bila kuaga huku akilia mlio kama wa farasi, akatua juu ya mti.

Tangu siku hiyo huvaa vazi la kijani. Kucha zake ni ndefu ajabu, na kwa macho ya watu wa zamani zile kucha zilikuwa uzuri. Nywele zake nyeusi zinafika kwenye vifundo vya miguu, nazo zina kazi: zinaficha tundu lililo kisogoni, ambalo ndilo anyonyealo damu. Anapenda samaki kupita kiasi. Huonekana kwenye midomo ya mito, amekaa juu ya nguzo za wando na wenzake, wakingoja nafasi ya kuiba.

Mtu wa pwani yetu hapa hahitaji kuongozwa mkono. Neno letu degedege, ugonjwa wa mtoto kukakamaa na kutupa viungo, limetoka kwa ndege. Wazee waliamini kwamba kuna ndege wa usiku apitaye juu ya paa ndipo mtoto akashikwa. Upande wa pili wa Bahari ya Hindi ndege huyo ana jina, na ana mama anayemtafuta.

Masimulizi ya baadaye yameongeza maelekezo mengine. Sauti ya pontianak ikisikika kubwa, yuko mbali. Ikififia hadi ikawa mnong'ono, yuko karibu nawe. Harufu ya kwanza ni ya kemboja, ua jeupe lenye moyo wa njano linalopandwa sana makaburini huko. Harufu ya pili ni ya kitu kilichooza. Nguo hazilali kwenye kamba, na za mtoto mchanga ndizo huanuliwa kwanza, kwa kuwa huyo ajaye hufuata harufu ya nguo hadi kwa mwenyewe.

Shahidi

Hapa ndipo nilipokwama mara ya kwanza.

Wamalay ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, kama pwani ya Afrika Mashariki. Hukumu za kuosha na kukafini maiti ni zile zile tunazozisoma vyuoni. Na katika hadithi za Mtume mwanamke aliyekufa kwa uzazi ametajwa pamoja na mashahidi. Hilo halina utata kwa mwanachuoni wa Kelantan, huko Malaysia, wala wa Lamu.

Basi mwanamke mmoja, siku moja, kwenye jamvi moja, imamu anasema ni shahidi na waliomzunguka wanamtia sindano viganjani.

Kwa muda nilidhani hapa pana pande mbili zinazovutana: dini upande huu, mila upande ule, na maiti katikati. Ni maelezo yaliyozoeleka na yana ukweli wake. Lakini hayatoshi. Maneno ya kumfukuza pontianak yaliyohifadhiwa yanamwita jini, yanamtaka akandamizwe na udongo wa kaburi, yanazungumzia kukata mianzi mirefu na mifupi ili ini lake lipikwe ndani yake kama lemang, ule wali wa kunata kwa tui la nazi unaopikwa ndani ya mwanzi siku ya Idi. Kisha yanamalizika kwa baraka ya la ilaha illa 'llah. Mtamkaji hakuona kwamba amevuka mpaka wowote. Pumzi moja ilibeba kaburi, jiko na kalima.

Naona walikuwa wakijibu maswali mawili. La kwanza: huyu marehemu amekwenda wapi? Jibu ni la imamu, na ni zuri. La pili: sisi tuliobaki na chumba kile kile, godoro lile lile, na wengine wana mimba, tutalalaje usiku wa leo? Swali hili imamu halijibu akiwa msikitini.

Chumba ambacho mwanamume hakuingia

Kukwama kwa pili kulihusu mwandishi mwenyewe.

Skeat alikuwa hodari wa kukusanya. Alitaja vitu kwa idadi na kwa majina, aliandika maneno ya waganga kwa Kimalay chao. Lakini alikuwa mwanamume, Mzungu, mtu wa serikali. Chumba cha uzazi cha Kimalay kilikuwa cha bidan, yaani mkunga, pamoja na wanawake wa nyumba. Kuosha maiti ya mwanamke ni kazi ya wanawake vilevile. Hakuna namna yoyote ambayo angeruhusiwa kusimama pale.

Kwa hiyo lile neno kwamba mayai ni ya kuzuia mikono isipepee limefika kwetu kupitia midomo ya watu waliosimama nje ya mlango. Kitendo nakiamini: shanga, yai, sindano ni vitu vya kuonekana na kuhesabika. Sababu ndiyo ninayoitilia shaka. Mwenye kupachika yai na mwenye kueleza yai si mtu mmoja.

Tangu hapo niliacha kusoma maelezo nikaanza kusoma dawa. Kila kiumbe wa kutisha wa Wamalay ana dawa yake, na dawa hizo hazifanani hata kidogo. Ukizitazama kwa makini zinakuambia watu walimchukulia yule kiumbe kuwa nani.

Siki

Mchukue penanggalan. Jina lake limetokana na tanggal, kubanduka. Mchana ni mwanamke wa kawaida. Usiku kichwa chake hubanduka shingoni kikaondoka angani, na matumbo yananing'inia chini yake yakimetameta kama vimulimuli.

Huyu hakufa. Yu hai, ana jirani, ana shughuli, na mara nyingi anayeshukiwa ni mkunga mwenyewe.

Kisa cha asili yake ni kisa cha toba. Mwanamke amekaa kufanya ibada ya toba ndani ya pipa kubwa la mbao la kutilia siki, siki ya utomvu wa nipah, jamaa ya mnazi iotayo kwenye matope ya mikoko na kuezekea nyumba. Ni ndugu wa siki yetu ya tembo. Mwanamume akaingia ghafla, akamuuliza anafanya nini. Alishtuka, akajirusha kuondoka, akajipiga teke kidevuni kwa nguvu hadi ngozi ikapasuka shingo nzima, na kichwa kikaruka pamoja na tumbo.

Siki imebaki kwake kama chombo cha kazi. Akitoka usiku, matumbo huvimba kwa damu aliyokunywa, na yakivimba hayapiti tena shingoni. Kwa hiyo nyumbani ana mtungi wa siki. Akirudi alfajiri huyachovya mpaka yasinyae, ndipo ajipachike mwilini. Ndiyo maana mwanamke anayenukia siki bila sababu ya jikoni alitazamwa kwa jicho la pembeni.

Sasa tazama nyumba. Nyumba ya Kimalay ya zamani imeinuliwa juu ya nguzo, na sakafu yake ni ya fito au mbao zilizoachiana nafasi. Ni sakafu nzuri: hewa inapita, maji ya kuoshea yanadondoka chini. Siku ya uzazi damu nayo inadondoka chini. Penanggalan haji kwa mlango tu. Anakuja hata chini ya sakafu, gizani, ulimi juu.

Dawa inafuata ramani hiyo hiyo. Matawi ya jeruju, kichaka cha mikokoni chenye majani ya miiba, huning'inizwa kwenye milango na madirisha ya nyumba yenye mzazi. Wengine hutumia mengkuang, ndugu wa mkadi wetu, ambao kingo za majani yake ni msumeno mtupu. Chini ya sakafu hupandwa au huwekwa vitu vya kuchoma, mananasi yakiwemo. Miiba haimdhuru kichwani. Inanasa matumbo. Akinaswa hawezi kurudi kabla ya jua. Na kama mwili wake umegunduliwa, shingo wazi, kichwa hakipo, watu humimina vipande vya chupa ndani, au huugeuza kiwiliwili ili kichwa kikirudi kijipachike nyuma mbele, asubuhi kijiji kizima kimwone.

Hakuna huruma hapo hata chembe. Miiba, chupa, aibu. Na aliye hai ndiye anayetendewa hivyo.

Nilipofika hapa niliona wazi kwamba Wamalay walijua sana kutengeneza dawa ya kikatili walipoitaka. Walikuwa na jeruju tele. Kwa mama aliyekufa walichukua yai.

Gololi na choroko

Toyol ndiye aliyenifungua macho.

Huyu ni mtoto aliyekufa, mara nyingi mimba iliyotoka, aliyefufuliwa kwa uganga ili awe mtumwa wa mtu. Wanamsimulia akiwa mdogo kama mtoto anayeanza kutembea, kichwa kipara, ngozi ya kijani au kijivu, macho mekundu. Indonesia anaitwa tuyul. Kazi yake ni wizi wa pesa. Hufugwa ndani ya chupa au mtungi, na mwanamke wa nyumba ile humnyonyesha damu kwa kidole gumba cha mguu. Haibi zote. Huchukua noti chache kutoka kwenye fungu, ili mwenye fungu ajilaumu kwanza kwa kuhesabu vibaya.

Kwa msomaji wa Tanzania huyu ni chuma ulete aliyepewa mwili. Duka limeuza kutwa, jioni hesabu haiji, na jirani wa mtaa wa pili anapandisha ghorofa. Hesabu hiyo isiyokuja imezaa viumbe pande zote mbili za bahari.

Lakini dawa ya toyol ndiyo ya kukaa nayo. Pesa unaziwekea sindano, kwa kuwa anaogopa kuchomwa. Unaweza kuweka kioo, kwa kuwa anaogopa sura yake. La tatu, na ndilo linalosimuliwa sana: mwagia choroko mbichi pembeni ya pesa, au gololi chache, au vitu vingine vya kuchezea.

Ataziona, atakaa chini, atacheza. Atasahau alichotumwa.

Atacheza hadi kuche.

Nilipoisoma dawa hii mara ya kwanza niliiona ya kitoto. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana inafanya kazi. Mchawi amemtoa mtoto huyu katika kifo, amemwita kwa jina jingine, amemlisha damu, amemfanya mwizi, na vyote hivyo havikufua dafu mbele ya konzi moja ya choroko. Utoto wake haukuondoka. Mwenye duka anayemwaga gololi anajua kwamba anakabiliana na mtoto, na anamtendea kama mtoto.

Kuanzia hapo yai likabadilika mkononi mwangu.

Kuku anayeatamia haruki. Mfugaji yeyote analijua hilo. Ukimkaribia atakuvimbia, atakudonoa, atapiga kelele, lakini mbawa zake hazinyanyuki, kwa sababu chini yake mna yai. Anaweza kushinda na njaa kuliko kulifunua. Na yai la kuku, pale kwapani, limewekwa mahali pale pale ambapo kuku huliweka: chini ya bawa.

Walimpa cha kuatamia.

Hii ni tafsiri yangu, siiweki mdomoni mwa Skeat wala mwa aliyemsimulia. Lakini inajibu lile swali la mwanzo. Yai halifai kuwa pingu. Linafaa kwa mtu mmoja tu, yule ambaye hata akiwa maiti, hata akiwa njiani kugeuka jini, hatainua mkono kama kuna kichanga cha kiumbe chochote chini yake. Aliyelipachika alimwogopa, na bado alimjua kuwa mama.

Sindano viganjani inabaki kuwa sindano. Sitaki kuipamba. Hofu ilikuwa kweli, na mkono uliochoma ulitaka asirudi.

Wewe mtoto wa nani?

Polong nilimtumia kupima wazo hili, nimtaje kwa ufupi.

Polong hutengenezwa kwa damu ya mtu aliyeuawa. Damu hutiwa kwenye chupa yenye shingo nyembamba, ikasomewa siku 7 au 14 hadi isikike sauti ndani, mfano wa vifaranga vya ndege. Mwenye chupa hujikata kidole, akakitumbukiza, na polong hunyonya. Hufanya hivyo kila siku. Atokaye humo ni kijimwanamke kimo cha pingili ya mwisho ya kidole cha mwisho. Akitumwa kwa mtu hutanguliwa na pelesit, kipenzi chake chenye umbo la panzi, ambaye huingia mwilini kwa mgonjwa kinyumenyume, mkia mbele, akalia. Akilia, polong hufuata.

Mgonjwa hupiga kelele, huropoka, hutoka damu mdomoni. Mganga, huko wanamwita bomoh, hatumii miiba wala choroko. Humhoji. Mama yako nani? Umetumwa na nani? Na polong hujibu kwa sauti nyembamba kupitia kinywa cha mgonjwa, mara nyingi kwa uongo, akimtaja asiyehusika.

Waliowahi kuona pepo akipungwa Mombasa au Tanga wanajua mahojiano hayo. Pepo anaulizwa jina, kabila, na anachotaka, na mgonjwa anajibu kwa lafudhi isiyo yake. Polong ni mtumwa, kwa hiyo dawa yake ni kumtafuta bwana wake. Kila mmoja anatibiwa kwa alivyo. Wazo lilisimama.

Mizinga

Kuna mji mzima wenye jina la pontianak, makao makuu ya Kalimantan Magharibi nchini Indonesia, mji uliokaa juu ya mstari wa ikweta, pale mito ya Kapuas na Landak inapokutana. Mwanzilishi wake ni Syarif Abdurrahman Alkadrie, mwaka 1771. Ukoo wake ni wa masharifu wa Hadhramaut, ile ile Hadhramaut iliyotuletea masharifu wa Lamu na Unguja.

Inasimuliwa kwamba alipofika kwenye makutano hayo msafara wake ulisumbuliwa usiku na mapontianak waliokaa mitini. Akaamuru mizinga ipigwe. Risasi ilipotua ndipo palipojengwa msikiti na kasri. Wapo wasemao kwamba waliokuwa wamejificha msituni walikuwa maharamia wa mtoni, na ukelele ule ulikuwa wao. Huenda, kwani makutano ya mito ni mahali pazuri pa kuvizia majahazi.

Desturi ya mizinga ingali hai. Kwa Idi, kandokando ya Kapuas, hupangwa magogo makubwa yaliyotobolewa katikati na kufungwa kwa henzirani, marefu mara tatu ya mtu au zaidi. Ndani hutiwa maji na karbidi, tundu likazibwa, gesi ikaachwa ijikusanye. Karbidi ikiwa chache, mlio ni kikohozi. Gesi ikivuja, hakuna kitu. Gesi ikitosha na moto ukagusa tundu, mtikisiko unafika ng'ambo ya mto.

Ni sherehe ninayoipenda kuisoma. Lakini angalia: mizinga ni dawa ya mtu aliyekuwa anapita. Sharifu hakuwajua wale waliokuwa mitini. Hakuwa na haja ya kujua walikuwa binti za nani.

Sinema iliendeleza safari hiyo. Mwaka 1957 kampuni ya Cathay-Keris ya Singapore ilitoa filamu ya pontianak, Maria Menado akiwa mwigizaji mkuu, na baada yake zikafuata nyingi. Humo likakomaa lile jambo ambalo leo kila mtoto wa Malaysia analijua: ukimpigilia pontianak msumari kisogoni, anageuka mwanamke mrembo, mtulivu, wa kuoa. Msumari ukitoka, anarudi alivyokuwa.

Mama na mwana wakawa mtu mmoja. Jina la mtoto likachukuliwa na mama, na mtoto mwenyewe akatoweka katika hadithi. Sasa tunamwona mwanamke anayetisha wanaume barabarani usiku, na hatuulizi tena alikuwa anamtafuta nani.

Hasara hiyo inaniuma.

Ngoma

Limebaki jambo moja, na kwa siku kadhaa lilitishia kubomoa yote niliyoyasema juu ya yai.

Kabla ya msumari palikuwa na namna ya zamani ya kumfuga langsuir. Unamkamata, unamkata kucha, unamkata zile nywele ndefu, kisha unazishindilia nywele na kucha zake mwenyewe ndani ya tundu la kisogo hadi lizibe. Anatulia. Anakaa nyumbani miaka na miaka, huwezi kumtofautisha na mke wa jirani. Skeat alisimuliwa juu ya langsuir walioolewa, wakazaa.

Wakakaa hivyo mpaka siku waliporuhusiwa kucheza ngoma kwenye sherehe ya kijiji. Hapo walirudia umbo lao, wakaruka, wakaingia msituni.

Wakaacha watoto wao hai nyumbani.

Kama ni mama kiasi cha kushikwa na yai, anawaachaje? Nilitaka hata kuifuta sehemu ya kuku anayeatamia.

Nikarudi kuitazama ngoma yenyewe. Katika ngoma za Kimalay mikono ndiyo inayocheza. Inapanda hadi usawa wa bega, viganja vinafunguka na kufunga, vidole vinapinda nyuma. Ni mambo yale yale mawili ambayo mayai na sindano viliwekwa kuyazuia, sasa anayafanya mbele ya watu, kwa ruhusa ya mumewe, taa zikiwaka. Kwapani hamna kitu.

Na pale msituni, juu ya mti, kuna bundi. Wale wa nyumbani wana baba, wana bibi, wana majirani wa kuwaanulia nguo kabla ya magharibi. Huyu wa mtini hakupata hata siku moja ya kubebwa, na ndiye wa kwanza.